Mashine ipo stoo, mtoto yupo darasani

Barua za safari hii zimetoka kwa wazazi na walimu wenye watoto wa mahitaji maalumu. Nyingi zinalia kilio kimoja: kifaa kimepatikana, mtoto bado yuko palepale. Nimechukua tano.

*Shikamoo mwalimu. Mwanangu ana ualbino, yuko darasa la nne. Hospitali wamempa miwani na mwalimu kamweka dawati la mbele, lakini ubaoni haoni. Miwani ni mibovu? – Mama, Morogoro*

Marahaba mama. Miwani haina kosa. Kwa mtoto mwenye ualbino, sehemu ya nyuma ya jicho inayoona vitu vidogo huwa haikukomaa sawasawa, na hapo lenzi haina dawa. Miwani inarekebisha inachoweza, kinachobaki ni uoni hafifu. Kwa hiyo ni maandishi yamfuate yeye. Dawati la mbele ni sawa, ila likitazamana na dirisha mwanga unamchoma. Akae dirisha likiwa mgongoni. Aruhusiwe kuinuka na kusogelea ubao kila anapohitaji, pasipo "wewe, unaenda wapi?" Ipo pia darubini ndogo ya mkononi ya jicho moja: anaielekeza ubaoni, anasoma, ananakili. Iulizie kliniki ya macho. Ikikosekana, mwalimu apige picha ya ubao kwa simu, mtoto aikuze kwa vidole viwili. Kuna mwanafunzi wangu aliyekuwa akikisia nukta za desimali muhula mzima, tukidhani hajui hesabu. Siku alipoikuza picha aliniambia, "Kumbe kuna nukta hapa!" Na kofia yake asivuliwe darasani kwa jina la adabu, ule ukingo unamkinga na mwanga.

*Shule yetu ilipewa mashine ya Perkins, ile ya kuandikia nukta nundu (maandishi yanayosomwa kwa vidole), kwa ajili ya mwanafunzi mmoja asiyeona. Ina mwaka wa pili stoo, hakuna anayeijua na tunaogopa kuiharibu. – Mwalimu, Singida*

Itoe leo. Mashine hiyo ilianza kutengenezwa Marekani mwaka 1951, ni chuma kitupu na haidai umeme. Ina vitufe tisa: sita vya nukta, kimoja kipana katikati cha kuacha nafasi, kimoja cha kurudi nyuma na kimoja cha kushuka mstari. Herufi moja ni mpigo mmoja. A ni nukta ya 1 peke yake. B ni ya 1 na ya 2 kwa pamoja. C ni ya 1 na ya 4. Wewe unaona, alfabeti utaisoma kwa macho jioni mbili tatu, na mtoto atakupita kasi kabla mwaka haujaisha. Mwache akupite.

Karatasi ya daftari haifai, nukta zinalala. Tafuta nzito, hata manila iliyokatwa vizuri. Ukimaliza ifunike kwa kitambaa, na usiimiminie mafuta ya cherehani, kwani mafuta yanashika vumbi na vumbi ndilo linaloikwamisha. Kuhusu aibu, mimi siku yangu ya kwanza niliingiza karatasi kombo mara tatu mbele ya darasa. Wanafunzi hawakuniona, lakini mlio wa karatasi kukunjika waliusikia vizuri sana, wakacheka mpaka kengele ikalia.

*Binti yangu alipata shimesikio, kile kifaa cha kumsaidia kusikia, mwaka jana. Sasa linapiga mluzi na akifika shule analivua. – Baba, Tanga*

Mluzi mara nyingi ni sauti inayovuja pembeni ya kile kizibo kinachoingia sikioni. Mtoto anakua, sikio linakua naye, kizibo kimekuwa kidogo. Kinachobadilishwa ni kizibo, usikimbilie kununua kifaa kipya. Pia waangalie kama kuna nta sikioni. Huko pwani unyevu nao ni adui: usiku fungua mlango wa betri, kiweke kifaa kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja kwenye boksi la viatu vipya. Betri usibandue kibandiko chake kabla ya siku ya kuitumia, maana ikishaingia hewa inaanza kuisha.

Kulivua shuleni kuna sababu. Shimesikio hukuza kila kitu: sauti ya mwalimu, madawati yanayoburutwa, mvua juu ya bati. Akae karibu na mwalimu, mwalimu azungumze akimtazama, asiongee huku anaandika ubaoni. Miguu ya madawati ivalishwe vipande vya tyubu kuukuu. Darasa zima litakushukuru.

*Siku hizi simu inasoma maandishi kwa sauti. Nukta nundu bado za nini? – Mwanachuo wa ualimu, Dodoma*

Muulize aliyejifunza kwa kusikia tu aandike "nyang'anya". Tahajia, hesabu na mpangilio wa ukurasa hukaa vidoleni. Shule ya msingi iwe nukta nundu kwanza. Sekondari ongeza kompyuta yenye NVDA, programu ya bure inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na vijana wawili wasioona. Kiswahili inasoma, ingawa kwa lafudhi ya roboti. Wanafunzi huizoea upesi kuliko sisi. Jambo moja kwa walimu: mkituma notsi kwenye kundi la WhatsApp kama picha ya daftari, programu hizo hukwama, hasa kwa mwandiko wa mkono. Chapeni maneno.

*Je, mtihani wa taifa wanaongezewa muda? – Mzazi, Mbeya*

Ndiyo. Utaratibu wa NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, ni dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Hisabati ya saa tatu, basi, ina saa nzima ya ziada. Karatasi za nukta nundu na za maandishi makubwa zipo pia, ila shule iwe imeeleza hali ya mtoto wakati wa usajili. Hakikisha na mwalimu mkuu mapema. Na mitihani ya muhula nayo ifanyike kwa muda huohuo, mtoto azoee kuzigawa hizo dakika kabla ya siku yenyewe.