Bi Kikapu Anajibu: Jasho la Msimu Mzima, Siku Tatu za Hukumu

*Shikamoo Bi Kikapu. Mimi na binamu yangu tumenuniana. Yeye anasema EuroLeague, ile ligi ya mpira wa kikapu ya vilabu vya Ulaya, inaonea watu. Timu inacheza tangu Oktoba, inaongoza jedwali, kisha inapelekwa mji mmoja na wenzake watatu: Ijumaa nusu fainali, Jumapili fainali, ukiteleza mara moja basi. Marekani bingwa hapatikani mpaka ashinde mechi nne za fainali. Mimi nasema huko kuteleza ndiko utamu wenyewe. Nani yuko sawa? – Kijana wa Likoni*

Marahaba mwanangu. Nianze na binamu yako, asije akasema nimekupendelea, maana hoja anayo. Tazama miaka mitatu mfululizo. Mwaka 2023 Olympiacos ya Ugiriki ilimaliza ya kwanza kati ya timu 18. Mwaka 2024 ya kwanza ilikuwa Real Madrid, iliyopoteza mechi 7 tu kati ya 34. Mwaka 2025 ikawa Olympiacos tena. Hakuna hata moja iliyorudi nyumbani na kombe.

Ile ya 2023, kule Kaunas, Lithuania, mpaka leo inanichoma, na wala mimi si shabiki wao. Madrid walifika pale kwa tundu la sindano: robo fainali walikuwa nyuma mechi mbili kwa bila mbele ya Partizan ya Belgrade, wakashinda tatu zilizobaki. Fainali yenyewe, zimebaki sekunde chache, Olympiacos wako mbele kwa pointi moja. Mpira anao Sergio Llull, mzee wa miaka 35, ambaye usiku kucha hajafunga hata pointi moja. Mbele yake kasimama Moustapha Fall, mita 2.18, mnazi mtupu. Llull akaruka, akautupa juu kama mtu anayeangua embe.

Sisi tulikuwa barazani Mji wa Kale, vichwa vinne juu ya simu ya mpwa wangu, na bando liko ukingoni. Picha ikaganda mpira ukiwa hewani! Mpwa anaitikisa simu kana kwamba mpira utaanguka. Picha iliporudi, watu wa Madrid wanarukaruka: 79 kwa 78. Kostas Sloukas wa Olympiacos alipata mtupo wa mwisho, haukuingia.

Sasa nikwambie kwa nini, pamoja na hayo yote, niko upande wako. Zamani nikicheza ulinzi hapa mjini, tulifika fainali ya mashindano ya mitaa dhidi ya timu tuliyokuwa tumeipiga mara mbili msimu ule ule. Uwanja wa saruji, nje, ringi haina wavu, kaskazi inavuma. Tuko nyuma pointi moja, nikapewa mitupo huru miwili. Mpira ulikuwa umelowa jasho la watu kumi. Wa kwanza uligonga mdomo wa ringi. Wa pili nikaurusha kwa hasira za ule wa kwanza, ukapiga ubao ukanirudia kifuani, kana kwamba umekataa kutumwa. Nikarudi kwa miguu kupitia Makadara, nikakataa hata viazi karai nilivyonunuliwa. Mama akaniuliza, "Kwani kesho hamchezi tena?" Hatukucheza. Tungerudiana mara saba tungewafunga, hilo naliapia. Lakini hakuna mechi nyingine ya ujana wangu ninayoikumbuka pigo kwa pigo kama ile.

Ndiyo maana Ramūnas Šiškauskas nilimwelewa kabla hajafika benchi. Istanbul, fainali ya 2012: CSKA Moscow, timu yake, walikuwa mbele ya Olympiacos kwa pointi 19 katika robo ya tatu, mpaka dakika ya mwisho wakabaki mbele 61 kwa 60 tu. Šiškauskas, aliyekwisha kuchukua kombe hilo mara mbili, akasimama kwenye mstari akakosa mitupo yote miwili. Vassilis Spanoulis wa Olympiacos akaukimbiza mpira, akampa Georgios Printezis, naye akaudokoa ukiwa umebaki muda wa kupepesa jicho, sekunde 0.7. Olympiacos 62.

Mwambie binamu yako pia kwamba nne bora hazifikiwi kwa bahati nasibu. Robo fainali ukitaka kupita lazima umfunge mwenzako mara tatu. Na Sloukas wa Kaunas asimhurumie sana. Msimu uliofuata alihamia kwa mahasimu, Panathinaikos, na Mei 2024 mjini Berlin wakaifunga Madrid ile ile 95 kwa 80, akatangazwa mchezaji bora wa wikendi.

*Bi Kikapu, kaka yangu anafanya kazi Abu Dhabi, anasema fainali ya Ulaya ya 2025 ilichezwa huko. Ananitania? – Dada wa Kisauni*

Hakutanii. Ilichezwa Etihad Arena, Kisiwa cha Yas. Fenerbahçe ya Istanbul iliifunga Monaco 81 kwa 70, na kocha wao Šarūnas Jasikevičius akawa wa kwanza kulibeba kombe hilo katika zama hizi za EuroLeague akiwa kocha baada ya kulibeba akiwa mchezaji. Ukiuliza Ulaya ilitafuta nini Uarabuni, muulize kaka yako alifuata nini. Kwa jicho langu ukumbi ulipoa kidogo ukilinganisha na Belgrade au Athens, ambako mashabiki huimba mpaka sauti zikauke. Lakini mwenye pesa ndiye mwenye ngoma.

*Shikamoo. Sisi watoto wa Tudor, refa alikataa kupuliza mpira ulipopanguliwa ukiwa umeshagonga ringi. Tumemfichia filimbi.*

Marahaba. Mmetazama sana mechi za Marekani. Kwa sheria za kimataifa, ambazo ndizo tunazocheza nazo hapa, mtupo ukishagusa ringi yeyote anaweza kuupangua, mradi asishike ringi, wavu wala ubao. Refa alikuwa sawa. Mrudishieni filimbi yake, na muioshe kwanza.