Mende wangu tisa walipotoroka Pipeline

Swali lenu la wiki hii mmeuliza kama kuna kiumbe tunafuga kwa nyumba na majirani hawajui, na akitoroka tunafanya aje. Mimi nafuga mende. Sio ati wamenishinda dawa, nawafuga kabisa, wako kwa ndoo ya lita 20 hapo balkoni, fleti ya mtaa wa Pipeline, Nairobi, orofa ya nne, na nawapenda.

Ni wale wakubwa wa kahawia wanatokanga kwa mitaro usiku. Wanaitwa mende wa Marekani, jina walipewa na mwanasayansi Linnaeus 1758, lakini asili yao ni huku kwetu Afrika, Marekani walifika na meli. Mimi huuza mayai kwa hivyo trei kuukuu ziko kila mahali, sasa siku moja nainua trei napata mmoja anasafisha papasi zake, zile kama nywele ndefu za kichwani, anaivuta moja kwa mdomo pole pole hadi mwisho halafu anashika ingine, nikakaa tu hapo chini namwangalia mpaka chai ikapoa. Hapo ndio nilianza.

Wale wa kutoka mitaroni sikuwaweka, hao wanabeba viini vya magonjwa. Nilichukua vifuko vya mayai yao peke yake, kila kifuko huwa na mayai kama 14 hadi 16, nikangoja karibu miezi miwili. Wanatoka wakiwa weupe wadogo hivi, baadaye rangi inaiva. Wanakula maganda ya karoti, ndizi, chakula cha kuku, na maji naweka kwa pamba iliyolowa sababu kwa kifuniko wadogo huzama. Wanalala kwa vipande vya trei. Ndani ya ndoo huko juu napaka mafuta ya mgando, upana wa vidole vinne, wakifika hapo wanateleza wanarudi. Lakini hayo mafuta yanashika vumbi na yakikauka ni kama hujapaka.

Sasa Julai ile baridi ilinifanya niwaingize ndani. Stima zikapotea, nikafungua ndoo na tochi ya simu niongeze maji, mtu akabisha anataka trei mbili za mayai, nikaenda. Wavu wa kufunika ndoo sikurudisha na mafuta nilikuwa nimekaa wiki mbili bila kupaka. Asubuhi nikahesabu, wakubwa walikuwa 31, wamebaki 22. Nikaangalia mabawa, dume yake yanapita tumbo, jike yanaishia hapo tu na tumbo ni pana, nikajua majike watatu wako nje. Na jike wa hawa anaweza kutaga mayai yakaanguliwa hata bila dume, kwa hivyo hata mmoja akipotea sio kitu ya kuacha hivyo.

Kilichoniuma roho zaidi ni jirani. Ana mtoto wa pumu, na mavi ya mende na magamba yao yakikauka yanakuwa vumbi linaloamsha pumu. Singeweza kunyamaza. Nikabisha kwake saa mbili asubuhi nikamwambia, mama, kuna kitu nimekosea, usikasirike. Alikasirika. "Kumbe ni wewe unatuletea hawa wadudu?" Nikamwambia wale wa jikoni wadogo sio wangu, ni aina ingine kabisa, lakini hawa tisa ni wangu na nitawatafuta mpaka wa mwisho, nikamwomba asipulize dawa kwanza. Sio kwa ajili ya mende tu, ile dawa yenyewe si nzuri kwa kifua cha mtoto. Akasema ananipa wiki moja.

Basi nikachukua mikebe ya jemu, nje nikaizungushia gazeti wapate kupanda, ndani shingoni mafuta, chini ndizi iliyoiva sana. Nikanyunyiza unga wa ngano kidogo kando ya kuta nione nyayo zinaelekea wapi, na usiku nikafunga nailoni nyekundu kwa tochi sababu mwanga mwekundu hawauoni vizuri. Nyayo zote ziliniambia kitu kimoja, friji. Baridi ya Julai, wangeenda wapi kama sio kwa mota yenye joto. Watano niliwatoa hapo nyuma, wawili wakaingia mikebeni, mmoja nikamkuta kwa ngazi amekanyagwa.

Akabaki jike mmoja. Siku tatu sikuuza yai hata moja, niliogopa amejificha kwa trei apelekwe nyumbani kwa mtu, nikazipiga kila trei juu ya beseni, moja baada ya ingine. Siku ya sita akaanguka kutoka trei ya chini kabisa, na kifuko bado amekishikilia mkiani, hajakiangusha. Nililia, sidanganyi.

Siku hizi ndoo haingii ndani, Julai naifunga blanketi huko huko balkoni. Mafuta napaka kila Jumapili na nikisafisha navaa barakoa. Nahesabu kabla na baada ya kufungua. Na kila Jumapili nikishamaliza naenda kwa jirani namwambia wako wangapi, hata asipouliza, na Jumapili iliyopita aliniuliza mwenyewe kabla sijafungua mdomo.