Kezilahabi wa mashairi: nianzie wapi?

SWALI: Euphrase Kezilahabi nimemjua kwa riwaya ya Rosa Mistika tu. Mwalimu mmoja hapa Tukuyu ananiambia mashairi yake yanastahili kusomwa zaidi. Nilijaribu moja, halina vina wala mizani, nikaliacha. Nianzie wapi, na vitabu nivipate wapi?
Msomaji, Tukuyu

JIBU: Mwalimu huyo tuko upande wake. Riwaya zimemfunika mshairi, na ni hasara kubwa. Diwani zake ni tatu: Kichomi (1974), Karibu Ndani (1988) na Dhifa (2008). Anza na Kichomi, tena kwa shairi la "Mgomba". Watu wa Rungwe, wilaya yenu ya migomba, hamhitaji kuelezwa mgomba uliokatwa unavyolala. Karibu Ndani ni nzito zaidi, isubiri.

Vina aliviacha kwa makusudi. Alitaka ushairi utumie lugha ya mazungumzo ya kila siku, na wanamapokeo, yaani watetezi wa vina na mizani, wakampinga vikali miaka ya 1970. Sikio lililozoea mizani 16, nane kwa nane, hungoja kina cha kati. Lisipokisikia, linadhani shairi limevunjika. Hapa fuata pumzi. Soma kwa sauti na utue kila mstari unapokatika, hata kama sentensi haijaisha, maana neno lililoachwa ukingoni mara nyingi ndilo lenye uzito. Kisha rudia ukifuata sentensi tu. Pale usomaji wa pili unapopishana na wa kwanza, kaa hapo.

Jihadhari na mashairi yanayotumwa kwa simu. Shairi la kimapokeo likiunganishwa mistari, vina vitakuonyesha kila mshororo ulipoishia. Shairi huru halina alama hiyo: mistari ikiungana, limekuwa aya. Omba picha ya ukurasa wenyewe.

Kuhusu vitabu, jaribu kwanza Maktaba ya Mkoa, Mbeya mjini. Kwa mpangilio wa Dewey (namba za kupanga vitabu rafuni), fasihi ya Kiswahili iko 896.392, tafuta "Kezilahabi", si "Euphrase". Ukikosa, ulizia maktaba ya Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, Iringa, lakini pata kwanza utaratibu wao kwa wasomaji wa nje. Na kwa wauza vitabu vilivyotumika, fungua ndani kabla ya kulipa: vitabu vya uchambuzi wa mitihani hutaja dhamira za shairi, huku shairi lenyewe likiwa vipande vya mistari miwili mitatu.