Unakwenda Malawi kujitolea kwenye maji? Uliza kwanza habari za raba za pampu

Vijana wengi wanaovuka mpaka wa Kasumulu kwenda kujitolea vijijini Malawi huondoka nyumbani wakiamini kwamba kijiji kisicho na maji kinahitaji kuchimbiwa kisima. Wakifika wanakuta kisima kipo. Pampu ya mkono imesimama juu ya sakafu ya saruji, mpini umelegea, na akina mama wanaipita na ndoo zao kuelekea mtoni. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Aliyeibeba akipandisha mlima hawezi kuitwa mvivu kwa sababu tu pampu ya kijiji chake ni mbovu.

Pampu iliyoenea huko ni Afridev. Iliundwa miaka ya 1980, Malawi na Kenya, makusudi ili wanakijiji waitengeneze wenyewe. Kwa Kichewa kisima cha namna hii huitwa mjigo. Jifunze neno hilo kabla hata ya salamu.

Siku mbili za mwanzo usishike spana. Muone mkuu wa kijiji, kisha kaa na kamati ya maji uulize: nani anatunza spana, nani anatunza fedha, raba za ndani ya pampu, zinazozuia maji yasivuje, zilibadilishwa lini? Jibu likiwa "hakuna", umeshaona ugonjwa kabla ya kufungua chochote.

Sasa pima. Piga pampu mpaka maji yatoke, iache nusu saa, kisha hesabu mapigo. Maji yakitoka mara moja, valvu ya chini, ile inayozuia maji yasirudi kisimani, iko sawa. Yakichukua mapigo kumi au zaidi, valvu inavuja, au bomba lina ufa. Yakitoka upesi lakini kidogo kidogo, raba ya pistoni, sehemu inayopandisha maji ndani ya bomba, imelika. Mpini ukiyumba kushoto na kulia, bushi, yaani vipande vya plastiki ambamo mpini huchezea, zimekwisha. Ukichelewa, chuma kitasagana na chuma, na tengenezo la fedha ndogo litageuka kuwa ununuzi wa mpini mzima.

Kuifungua ni kazi ya spana moja. Ondoa kifuniko, toa mpini, vuta fimbo zinazounganisha mpini na pistoni, moja baada ya nyingine, kila moja kama meta 3, mpaka pistoni ipande. Bomba la plastiki liache lilipo: valvu ya chini huvuliwa kwa ndoano yake kupitia ndani ya bomba hilo. Kila kitu kilazwe juu ya turubai safi. Hapa ndipo wageni wengi huharibu, maana wakiweka fimbo chini, mchanga hung'ang'ania, huingia na raba mpya, na baada ya muda mfupi raba imechanika tena. Spana washike wanakamati, akina mama wakiwa mbele kwa sababu ndio wanaoteka. Wewe shika turubai.

Kubwa zaidi ni fedha. Tumeona wageni wakishangaa kwa nini watu hawachangii matengenezo. Wanachanga, baada ya mavuno ya mahindi, kuanzia Aprili. Ukiomba mchango Januari au Februari unaomba chakula cha mtoto, maana hiyo ndiyo miezi ya njaa. Na kilichochangwa hakikai: Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha kwa mpigo mmoja, bei ya dola ikapanda kwa asilimia 44. Kamati iliyokuwa imeweka akiba kwa uaminifu ikaamka na fedha zenye thamani pungufu bila mtu kuiba hata senti. Ndiyo maana tunasisitiza mchango ugeuzwe vipuri wiki ile ile: raba za pistoni, oringi (pete za raba), raba za valvu na bushi, vifungwe kwenye mfuko mkavu na kutunzwa kivulini, kwa sababu jua hukausha raba.

Usibebe vipuri kutoka nyumbani kwa kukisia. Nenda na mtunza fedha mpaka dukani kunakouzwa vya Afridev, ajue njia, bei na muuzaji. Kabla ya kuondoka, kamati iandike kwa rangi kwenye ukuta wa kisima mwezi na mwaka raba zilipobadilishwa. Raba ya pistoni ibadilishwe kila mwaka hata kama bado inatoa maji.