Hati safi, hasara kubwa: namna ya kusoma hesabu za kampuni ya nishati

SWALI: Nina hisa chache katika kampuni kubwa inayochimba mafuta na gesi na kuuza umeme. Katika taarifa yake ya mwaka, faida ya mwaka uliotangulia imegeuka kuwa hasara kubwa, lakini fedha taslimu zilizoingia kutokana na shughuli zake bado ni nyingi na gawio limelipwa. Mkaguzi wa nje ametoa hati safi, na papo hapo ameandika kurasa kadhaa kuhusu bei ya mafuta, gharama za kufunga visima na mikataba ya kuuza gesi, kwa lugha iliyonitia wasiwasi. Hati safi inawezaje kukaa pamoja na hasara na wasiwasi wa namna hiyo? Na katika kurasa zaidi ya 300, nianzie wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na neno lenyewe, kwa sababu sidhani kama kuna neno lingine katika kazi yetu lililopotosha watu wengi kama hili la "hati safi". Usafi unaozungumzwa ni wa hesabu, si wa kampuni. Mkaguzi anasema kwamba, kwa maoni yake, hesabu zinaonyesha kwa haki, katika mambo yote yenye uzito, hali ya kifedha ya kampuni na matokeo ya mwaka wake kwa mujibu wa viwango vilivyotumika kuziandaa. Kampuni inayoelekea kufilisika, ikieleza hali hiyo kikamilifu na bila kuficha, inastahili hati safi. Na kampuni yenye faida nono, ikikataa kushusha thamani ya mtambo ambao hauwezi tena kurudisha gharama zake, inastahili hati yenye shaka. Hati yenye shaka hutolewa pale kasoro inapokuwa na uzito lakini imebaki sehemu moja. Kasoro ikisambaa katika hesabu nzima hutolewa hati isiyoridhisha. Na mkaguzi akikosa ushahidi wa kutosha kiasi kwamba hana pa kusimamia, hutamka kwamba ameshindwa kutoa maoni. Ni nadra kuona hizi mbili za mwisho katika kampuni kubwa zilizoorodheshwa katika masoko ya hisa, kwa kuwa wakurugenzi kwa kawaida hukubali kurekebisha hesabu kabla mambo hayajafika huko.

Kurasa zilizokutia wasiwasi huitwa masuala muhimu ya ukaguzi. Kwa ukaguzi unaofuata viwango vya kimataifa, zimekuwa za lazima kwa kampuni zilizoorodheshwa tangu hesabu za miaka iliyoishia tarehe 15 Desemba 2016 na kuendelea, na Marekani ikaanzisha utaratibu unaofanana na huo mwaka 2019, ikianza na kampuni kubwa. Si orodha ya makosa yaliyogunduliwa, wala si masharti yaliyoambatanishwa na hati. Ni maeneo ambayo mkaguzi alilazimika kuyatafakari zaidi, kwa sababu tarakimu zake zinategemea makisio ya wakurugenzi kuliko ankara na taarifa za benki. Kitu kinachopaswa kukushtua kweli ni kingine: kichwa kidogo kinachotaja mashaka makubwa kuhusu uwezo wa kampuni kuendelea na shughuli zake. Kama hakimo, vuta pumzi usome yaliyobaki kwa utulivu.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako la pili ni kwamba uanzie hapo hapo palipokutisha. Wasomaji wengi huanza na barua ya mwenyekiti, ambayo huandikwa ili ipendeze, kisha huenda kwenye faida halisi na kuishia hapo. Ripoti ya mkaguzi hukupa ramani bora zaidi, kwa sababu kila suala muhimu hutaja sababu ya kuchaguliwa, namna lilivyokaguliwa na namba ya maelezo ya hesabu linakopatikana. Fuata namba hiyo. Katika kampuni ya nishati, ukifuata namba tatu au nne za namna hiyo utakuwa umefika mahali faida inapotengenezwa.

Sasa tuje kwenye hasara iliyokaa pamoja na taslimu nyingi. Kisima, bomba au mtambo huandikwa katika mizania, yaani taarifa ya mali na madeni, kwa gharama yake na kupunguzwa kwa uchakavu, lakini kiwango cha kimataifa cha IAS 36 hakiruhusu mali ibaki juu ya kiasi kinachoweza kurejeshwa, yaani kile kilicho kikubwa kati ya thamani ya kuiuza, baada ya kutoa gharama za mauzo, na thamani ya sasa ya fedha itakazoingiza ikiendelea kutumika. Ili kupata hiyo ya pili, wakurugenzi hukisia bei ya mafuta na gesi kwa miongo ijayo. Wakiishusha bei hiyo, thamani ya mali hushuka siku hiyo hiyo na tofauti huingia katika taarifa ya faida na hasara, ingawa hakuna hata senti moja iliyotoka benki. Mfano ulio wazi ni BP, kampuni ya mafuta ya Uingereza, mwaka 2020. Mwezi Juni mwaka huo kampuni hiyo ilitangaza kwamba inashusha makisio yake ya bei ya mafuta ya Brent, aina inayotumika kama kipimo cha bei duniani, hadi wastani wa takriban dola 55 kwa pipa kwa miaka ya 2021 hadi 2050, na kwamba ilitarajia kupunguza thamani ya mali zake kwa kati ya dola bilioni 13 na bilioni 17.5 baada ya kodi. Mwaka ulifungwa kwa hasara ya takriban dola bilioni 20.3, ilhali shughuli za kampuni ziliingiza taslimu ya takriban dola bilioni 12. Tarakimu hizo mbili hazipingani, kwa maana ya kwanza imebeba maoni mapya kuhusu miaka 30 ijayo na ya pili inahesabu fedha zilizopita benki katika miezi 12.

Hata hivyo, usiihurumie sana kampuni kwa kuwa hasara "si ya taslimu". Taslimu ilikwisha kutoka zamani, siku mali hiyo iliponunuliwa au kujengwa, na kinachokiriwa leo ni kwamba sehemu yake haitarudi. Ndiyo maana, ukifika kwenye maelezo ya upungufu wa thamani, nakushauri utafute bei iliyotumika kwa kila mwaka, kiwango cha punguzo kilichotumika kurudisha fedha za baadaye kwenye thamani ya leo, na jedwali linaloonyesha ni kiasi gani cha thamani kingepotea kama bei ingekuwa pungufu kwa, tuseme, asilimia 10. Linganisha bei hizo na za mwaka uliotangulia, kisha na za kampuni mbili nyingine za aina hiyo hiyo. Kampuni inayokisia bei ya juu kuliko wenzake wote huenda iko sahihi, lakini ina deni la maelezo, na ripoti ya mkaguzi mara nyingi itakuambia kama aliona makisio hayo yamo ndani ya wigo wa makisio ya wachambuzi wa nje.

Kuhusu gawio, fungua taarifa ya mtiririko wa fedha na utoe, kutoka kwenye taslimu ya shughuli, fedha zilizotumika kununua na kujenga mali, kisha malipo ya mikataba ya kukodi. Hayo ya mwisho husahaulika kwa urahisi, kwa sababu tangu kiwango cha IFRS 16 kianze kutumika mwaka 2019 sehemu kubwa yake imehamia kwenye kundi la ugharamiaji, linaloonyesha fedha za mikopo na za wanahisa, na taslimu ya shughuli ikaonekana imeongezeka bila biashara kubadilika. Kinachobaki kikiwa kidogo kuliko gawio, jua kwamba gawio hilo limelipwa kwa mkopo, kwa mauzo ya mali au kwa akiba ya nyuma.

Gharama za kufunga visima zinahitaji uangalifu wa pekee, na hapa lugha yetu yenyewe hututega. Tunasema kampuni "imetenga" kiasi fulani kwa ajili ya kuziba visima, kung'oa mitambo ya baharini na kusafisha eneo, na msikilizaji huona fungu la fedha lililofungiwa mahali. Kwa kawaida fungu hilo halipo. Kilichopo ni deni lililoandikwa katika mizania, ambalo litalipwa kwa fedha za siku hizo zitakapofika. Deni hilo huandikwa kwa thamani ya leo, na thamani ya leo hutegemea sana kiwango cha punguzo. Chukua kazi ya dola milioni 1,000 itakayofanyika baada ya miaka 30: kwa kiwango cha asilimia 4 itaonekana katika mizania kama takriban dola milioni 308, na kwa asilimia 2 kama takriban dola milioni 552. Visima ni vile vile na kazi ni ile ile. Tena, kwa mtambo ambao bado unafanya kazi, ongezeko hilo kwa kawaida haliingii moja kwa moja katika hasara ya mwaka. Huongezwa kwenye gharama ya mali na kuliwa kidogo kidogo kupitia uchakavu. Msomaji anayeangalia faida peke yake hataliona. Nimewahi kukaa katika kikao cha ukaguzi ambamo muda mrefu kuliko mwingine wote ulitumika kujadili nusu asilimia ya kiwango hiki, na sikuona kama tulipoteza wakati.

Mikataba ya kununua na kuuza gesi na umeme kwa tarehe za mbele ni eneo la tatu, na kwa maoni yangu ndilo gumu kuliko yote. Sehemu yake hupimwa kila mwisho wa kipindi kwa bei ya soko, na mabadiliko huingia katika faida kabla mkataba haujatekelezwa. Viwango hugawa vipimo hivi katika ngazi tatu: ya kwanza hutumia bei zinazoonekana sokoni moja kwa moja, ya pili hutumia bei za vitu vinavyofanana au takwimu nyingine zinazoonekana, na ya tatu hutegemea kwa kiasi kikubwa makisio ambayo soko haliyaonyeshi. Angalia ukubwa wa ngazi ya tatu na ni kiasi gani cha faida ya mwaka kimetoka humo. Enron, kampuni ya nishati ya Marekani iliyoomba ulinzi wa sheria ya ufilisi tarehe 2 Desemba 2001, ilikuwa imeandika faida za mikataba ya muda mrefu kwa njia ya namna hii, huku madeni mengine yakikaa katika taasisi zilizoachwa nje ya hesabu za kundi. Mapato yake ya mwaka 2000 yaliandikwa kuwa zaidi ya dola bilioni 100, na hesabu za mwaka huo zilikuwa na hati safi ya mkaguzi wake, kampuni ya Arthur Andersen. Sheria na viwango vimebadilika sana tangu wakati huo, lakini mimi bado husoma maelezo ya mikataba hii na orodha ya kampuni tanzu na za ubia kabla sijaangalia faida kwa hisa.

Jambo fupi kuhusu neno "uzito" nililolitumia mwanzoni. Mkaguzi huweka kiasi ambacho kosa likikivuka linaweza kubadilisha uamuzi wa msomaji, na Uingereza, kwa mfano, hutakiwa kukitaja katika ripoti. Kipimo cha kawaida ni takriban asilimia 5 ya faida kabla ya kodi, ingawa katika nishati, ambako faida hupanda na kushuka ovyo, wengi hutumia wastani wa miaka kadhaa au kipimo kingine. Faida ikiwa dola bilioni 8, asilimia 5 ni dola milioni 400. Hati safi, kwa hiyo, haidai kwamba kila tarakimu ni sahihi hadi senti ya mwisho.

Mwisho, angalia mipaka ya kazi ya mkaguzi. Jedwali la hifadhi za mafuta na gesi zilizothibitishwa kwa kawaida huwa nje ya hesabu zilizokaguliwa, likiwa na maneno madogo yanayosema kwamba halijakaguliwa, na bado tarakimu zake huingia katika faida kwa mlango wa uchakavu. Eneo lililogharimu dola milioni 600 na lenye hifadhi ya mapipa milioni 60 hubeba uchakavu wa dola 10 kwa kila pipa linalotoka. Hifadhi ikikisiwa upya kuwa mapipa milioni 40, uchakavu huwa dola 15. Kwa sababu hiyo mkaguzi hupima uwezo na uhuru wa wahandisi waliokisia, bila kuyathibitisha mapipa yenyewe. Januari 2004 Shell ilitangaza kuondoa mapipa bilioni 3.9, karibu asilimia 20, kutoka kwenye kundi la hifadhi zake zilizothibitishwa, na mwenyekiti wake akaondoka mwezi Machi. Vivyo hivyo "faida iliyorekebishwa" inayopambwa katika kurasa za mbele: mkaguzi huisoma ili kuona kama inagongana na hesabu au na aliyoyajua katika kazi yake, lakini haitolei maoni. Katika taarifa uliyonayo, tafuta jedwali linalounganisha faida hiyo na hasara iliyokaguliwa, kisha usome mstari kwa mstari vitu vilivyoondolewa kwa jina la "visivyo vya kawaida", na uhesabu ni vingapi kati yake viliondolewa pia mwaka juzi na mwaka jana.