Herufi moja ya DNA inafikaje kwenye mifupa ya mtoto?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Mwanangu ana miaka minne. Aligundulika na selimundu akiwa na miezi tisa, baada ya vidole vya mikono na miguu kuvimba. Daktari alitueleza kuwa kwenye kinasaba chake kuna herufi moja tu iliyobadilika, na hapo ndipo ninapokwama. Herufi moja inamlizaje mtoto usiku kucha kwa maumivu ya miguu, halafu wiki ijayo anakimbia na wenzake kama si yeye? Mbona miezi ya mwanzo alikuwa mzima? Na kama vinasaba vimo kwenye kila seli, kwa nini ugonjwa uwe wa damu? Ameanzishiwa haidroksiyurea, nimesikia ni dawa ya saratani, naogopa. La mwisho: mama mkwe anasema damu mbaya imetoka kwetu. Mimi na mume wangu hatujawahi kuumwa hivyo. Tunataka mtoto mwingine. (Mama, Mwanza)

Jibu: Pole kwa kuuguza, mama. Maswali yako ni mengi ila njia ya kuyajibu ni moja, nayo ni kuifuata protini. Kinasaba chenyewe hakimuumizi mtu. Kazi yake ni kuagiza protini itengenezwe kwa mpangilio fulani, basi. Yanayotokea baada ya hapo ni tabia ya protini hiyo ikiwa ndani ya seli. Niseme mapema kuwa mimi ni mtu wa maabara. Dozi na ratiba za dawa ni za daktari wenu wa kliniki.

Protini yetu ni himoglobini, inayobeba oksijeni. Chembe moja nyekundu ya damu ina molekuli za himoglobini zipatazo milioni 270, yaani imejaa hadi pomoni. Kila molekuli ina minyororo minne, miwili ya alfa na miwili ya beta. Mnyororo wa beta ni asidi amino (vijenzi vya protini) 146 zilizoshikana kwa mfuatano, na mfuatano huo umeandikwa kwenye kinasaba kiitwacho HBB kilichoko kwenye kromosomu ya 11. DNA husomwa herufi tatu tatu, kila tatu zikitaja asidi amino moja. Nafasi ya sita ilitakiwa isomeke GAG, ambayo huleta asidi glutamiki. Kwa mwanao inasomeka GTG, inayoleta valini. A imegeuka T. Asidi amino 145 zilizobaki ziko palepale.

Ubaya ni mahali mabadiliko hayo yalipotokea. Nafasi ya sita iko juu ya uso wa molekuli, panapogusana na maji yaliyomo ndani ya seli. Asidi glutamiki ina chaji hasi na inaelewana na maji. Valini haina chaji, ina tabia ya mafuta, na mahali pake pa kawaida ni kujificha ndani ya protini mbali na maji. Tofauti hiyo ya chaji ndiyo iliyomwezesha mwanakemia wa Marekani, Linus Pauling, na wenzake kuonyesha, mwaka 1949, kuwa himoglobini ya wagonjwa hawa hutembea tofauti ikiwekwa kwenye umeme. Mwaka 1956 mwanasayansi Vernon Ingram, akiwa Cambridge, Uingereza, aliikata protini vipande na kuonyesha kuwa tofauti yote iko kwenye kipande kimoja kidogo. Muda mfupi baadaye akaibana hadi kwenye asidi amino moja. Mpaka leo maabara zetu zinapima kwa njia ileile ya umeme.

Sasa tufike kwenye maumivu. Himoglobini ikiwa imeshika oksijeni, valini ile haina madhara makubwa. Ikishaiachia oksijeni kwenye misuli au mifupa, molekuli hubadili umbo na kufungua kishimo kidogo ubavuni, chenye asidi amino nyingine zinazokimbia maji. Valini ya molekuli jirani inaingia humo na kutulia. Jirani huyo naye anashikwa na mwingine, na mwingine, mpaka unatokea uzi mrefu mgumu wenye nyuzi 14 zilizosokotana. Nyuzi zikiwa nyingi, chembe iliyokuwa laini na ya mviringo inasukumwa kutoka ndani, kama chelewa za ufagio zilizotiwa kwenye mfuko wa nailoni. Inachongoka, inapinda, inapata lile umbo la mundu. Chembe ya kawaida hujikunja ili ipite kwenye mshipa mwembamba kuliko yenyewe. Hii haijikunji tena. Inakwama, na tishu iliyo mbele ya pale inakosa oksijeni. Kilio cha usiku kinaanzia hapo.

Lakini mbona si kila siku, wakati damu inaachia oksijeni kila dakika? Kuna jambo ambalo wazazi wengi hawaelezwi, nami naliona ndilo kiini cha ugonjwa wote: nyuzi hazitokei papo hapo. Oksijeni ikishatoka, kuna muda wa kusubiri kabla molekuli za kwanza hazijashikana vya kutosha, na muda huo mara nyingi unatosha chembe kupita kwenye mishipa myembamba, kurudi kwenye mapafu na kupata oksijeni tena. Nyuzi chache zilizoanza zinayeyuka. Kwa hiyo chembe za mwanao ziko kwenye mbio wakati wote, na mara nyingi zinashinda. Ndiyo maana leo anakimbia na wenzake.

Urefu wa muda huo unategemea zaidi ya yote jinsi himoglobini ilivyosongamana ndani ya chembe. Msongamano ukipanda kidogo tu, muda wa kusubiri unafupika mara nyingi sana. Hapo utaelewa kwa nini pale kliniki wanakusisitizia maji kila mnapokutana. Mtoto akiharisha au akishinda juani bila kunywa, chembe zake nazo hupoteza maji, himoglobini inabanana, na nyuzi zinawahi kutokea. Baridi hubana mishipa, kwa hiyo chembe zinachelewa njiani. Homa na maambukizi hufanya yote mawili. Ndani ya mifupa, kwenye uboho, damu hupita polepole na seli zimebanana, ndiyo maana mifupa inaumia kuliko sehemu nyingine. Vidole vya mwanao vilivimba akiwa na miezi tisa kwa sababu mifupa midogo ya vidole vya mtoto wa umri huo bado ina uboho unaotengeneza damu. Akikua unaondoka humo, na uvimbe wa namna ile hauonekani sana tena.

Chembe inayopinda na kunyooka mara kwa mara huchakaa. Utando wake unavuja, maji yanatoka, msongamano unapanda, na mwishowe inabaki imepinda hata ikipewa oksijeni. Chembe nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi. Hizi huishi kati ya 10 na 20. Uboho haukimbizani na kasi hiyo, basi damu inapungua, na himoglobini inayovunjika ndiyo inayotia macho umanjano. Bandama nalo huziba na kuharibika mapema, mtoto akapoteza kinga muhimu dhidi ya bakteria, ndiyo sababu ya penisilini ya kila siku kwa watoto wadogo. Usiiache eti kwa kuwa anaonekana mzima.

Kuhusu miezi ya mwanzo: mtoto tumboni hatumii sana mnyororo wa beta. Anatumia mnyororo mwingine uitwao gama, unaotoka kwenye vinasaba vya jirani kabisa na HBB kwenye kromosomu ileile. Himoglobini yenye gama, ile ya kitoto inayoandikwa F, haikai vizuri kwenye uzi, inaukatisha. Mwaka 1948 daktari wa watoto huko New York, Janet Watson, aliona kuwa chembe za watoto wachanga waliorithi tatizo hili hupinda kwa uchache, akahisi kuwa himoglobini hiyo ya kitoto ndiyo inayowakinga. Alikuwa sahihi. Baada ya kuzaliwa, protini iitwayo BCL11A huvizima vinasaba vya gama, na beta inashika zamu. Kufikia karibu miezi sita kinga imeshapungua. Kwa hiyo mwanao alizaliwa na kinasaba kilekile alichonacho leo. Kilikuwa hakijaanza kutumika kwa wingi.

Na hilo linajibu swali la kila seli. Kweli, seli za ngozi yake, za moyo na za ubongo zina GTG ileile. Lakini seli haitengenezi protini zote ilizo na maagizo yake. HBB hufunguliwa tu na seli za uboho zinazoelekea kuwa chembe nyekundu, kwa kuwa zenyewe zina protini za kuifungua, mojawapo ikiitwa GATA1. Kwenye ngozi HBB imefungwa, kwa hiyo kosa lake halimgusi mtu. Halafu chembe nyekundu ikishakomaa hutupa kiini chake, na DNA yote inakwenda nacho. Inayozunguka mwilini haina kinasaba hata kimoja, imebaki na protini iliyokwisha kutengenezwa. Ukitaka kubadilisha chochote, uende kwenye uboho.

Huko ndiko inakofanya kazi haidroksiyurea. Ni kweli ilitumika kwanza kwenye saratani, na ni kweli inagusa utengenezaji wa DNA: inazuia kimeng'enya kinachoandaa vipande vya kuijengea, kwa hiyo seli zinazogawanyika haraka zinapunguza mwendo. Kwa selimundu hutolewa kwa dozi ndogo, na uboho unapopunguzwa mwendo kwa namna hiyo hutoa chembe nyingi zaidi zenye himoglobini F. Yaani ule ulinzi wa miezi ya mwanzo unarudishwa kwa sehemu. Chembe pia zinakuwa kubwa na zenye maji zaidi, msongamano unashuka, muda wa kusubiri unarefuka. Seli nyeupe, ambazo hung'ang'ania kuta za mishipa na kuongeza foleni, nazo hupungua, ila zikipungua kupita kiasi ni hatari, na ndiyo maana mwanao anatolewa damu mara kwa mara. Usikose siku hizo.

Marekani iliidhinisha dawa hii kwa selimundu ya watu wazima mwaka 1998. Swali la kwetu lilikuwa tofauti: je, itawafaa watoto wanaoishi penye malaria? Utafiti wa REACH ulifuatilia watoto zaidi ya 600 huko Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale, na matokeo yalitoka mwishoni mwa 2018. Maumivu yalipungua, kuongezewa damu kukapungua, malaria ikapungua, vifo vikapungua. Kwangu mimi hilo lilimaliza ubishi.

Utasikia pia habari za kuhariri vinasaba. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba iitwayo Casgevy. Haigusi ile herufi hata kidogo. Seli mama za damu hutolewa, swichi inayoiwasha BCL11A kwenye seli hizo inakatwa, gama inaamka, na seli zinarudishwa baada ya uboho wa zamani kufutwa kwa dawa kali. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2. Ni sayansi nzuri mno, ila kwa mzazi wa Mwanza leo kopo la haidroksiyurea lisilokatika lina thamani zaidi.

Sasa mama mkwe. Kila mtu ana HBB mbili, moja ya mama na moja ya baba. HBB ya kawaida huandikwa A, na yenye herufi iliyobadilika huandikwa S. Mtoto mwenye SS amepata S moja kwako na moja kwa mumeo. Hakuna upande mmoja wa kulaumiwa. (Hata pale mzazi mmoja anapokuwa hana S, huwa ametoa hitilafu nyingine ya HBB, kama talasemia ya beta, ambapo mnyororo wa beta hutengenezwa kidogo au hautengenezwi kabisa, kwa hiyo msivunje nyumba kwa kipimo cha haraka.) Nyinyi wawili yaelekea ni AS, yaani kila mmoja ana A moja na S moja: kwa mwenye AS himoglobini S huwa asilimia 40 hivi, iliyobaki ni ya kawaida, na mchanganyiko huo unarefusha muda wa kusubiri kiasi kwamba chembe hurudi kwenye mapafu kabla ya chochote kutokea.

Na hiyo inayoitwa damu mbaya ina historia. Daktari na mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima watu wa huko mwaka 1949 akakuta S imejaa pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na ni haba nyanda za juu. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi kuwa AS humkinga mtoto na malaria kali. Kimelea kikiwa ndani ya chembe ya AS, chembe hiyo hupinda mapema na bandama huiondoa pamoja nacho. Ndiyo maana Kanda ya Ziwa mko wengi. Ila tafadhali, kinga hiyo ni ya AS. Mwanao mwenye SS akipata malaria anaweza kuzidiwa haraka sana, kwa hiyo chandarua na dawa ya kinga mliyopewa ni lazima.

Kwa mtoto ajaye, kama nyote ni AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya SS. Mimba haikumbuki iliyotangulia. Kuwa na mmoja anayeumwa hakumaanishi watatu wanaofuata watakuwa wazima. Kabla ya hapo mkapime nyote wawili, na msikubali kuishia kwenye kipimo cha sikling, ambacho hutoa jibu la "ndiyo" kwa AS na SS bila kutofautisha, na kwa mtoto mchanga kinaweza kutoa "hapana" ya uongo kwa sababu damu yake bado imejaa F. Ombeni elektroforesisi ya himoglobini, kile kipimo cha umeme nilichokitaja. Mtoto akizaliwa naye apimwe kwa njia hiyo mapema, na mwangalie herufi kwenye karatasi ya majibu, zinazoandikwa kuanzia iliyo nyingi: FA ni kawaida, FAS ni kama nyinyi, na FS bila A maana yake apelekwe kliniki ya selimundu kabla vidole havijavimba.