Gari limepanda inchi mbili, sasa linatangatanga kwenye lami

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni msomaji wenu wa Chumbageni, Tanga. Nina Land Cruiser ya toleo la 80, ile ambayo wengi hapa huiita VX, na huitumia kwa safari za Pangani na mara mojamoja kupanda Amani kupitia Muheza. Mwezi uliopita niliondoa springi na shokapu za zamani, ambazo zilikuwa zimechoka hadi gari likawa limekalia matako, nikafunga seti mpya inayoliinua inchi 2. Springi za nyuma niliambiwa kuwa ni za mzigo mzito. Kwenye barabara ya vumbi gari limekuwa jingine kabisa, lakini kwenye lami ya kwenda Segera, nikifikia kilomita 80 kwa saa, usukani huwa mwepesi kupita kiasi, gari hutangatanga, na nikimaliza kona usukani haurudi wenyewe. Isitoshe, likiwa tupu nyuma hurukaruka, na mke wangu amegoma kukaa kiti cha nyuma. Fundi anasema nivumilie mpaka springi zikae. Je, nivumilie?

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Usivumilie. Ni kweli kwamba springi mpya hushuka kidogo baada ya kutembea, lakini hazishuki kiasi cha kuondoa hayo unayoyaeleza, na gari linalotangatanga mbele ya mabasi ya Segera si gari la kusubiriwa lizoee.

Kwa kuwa nami nakaa Ngamiani na ulikubali kuniachia funguo kwa siku nzima, nitajibu kwa kile nilichokihisi mwenyewe. Nilianza na upande wa Pangani. Karibu na Kigombe nilikuta kipande cha vumbi chenye vijituta vya mfululizo kama bati la paa, na hapo niliweka chupa ya maji juu ya dashibodi, nikaenda kilomita 60 kwa saa. Chupa ilitetemeka lakini haikuanguka. Hiyo ni kazi ya shokapu, wala si ya springi: springi hubeba uzito na kurudi juu, na ingeendelea kupanda na kushuka kama isingezuiwa na mafuta yanayopenyezwa kwenye matundu madogo ndani ya shokapu, yakigeuza mwendo huo kuwa joto. Shokapu iliyochoka mafuta yake hufanya povu barabara ikiwa mbovu kwa muda mrefu, na ikishafanya povu haizuii kitu tena. Hizi zako mpya zina gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa ili povu hilo lichelewe kutokea, na nilipozigusa baada ya kipande kile zilikuwa za moto, ishara kwamba zinafanya kazi. Kwa upande huu fedha yako haikupotea.

Kisha nikarudi mjini na kushika barabara ya Muheza. Nilipopita Pongwe nilijikuta nasahihisha usukani kila sekunde chache, kulia kidogo, kushoto kidogo, kama nahodha wa ngalawa aliyekosa upepo. Hapa ndipo kosa lilipo. Itazame baiskeli kwa ubavu: uma wa gurudumu la mbele haukusimama wima, bali juu yake umelala kidogo kuelekea kwa mwendeshaji. Mlalo huo ni mojawapo ya sababu zinazomwezesha kijana wa Raskazone kuachia mikono yote miwili na bado baiskeli ikaenda sawa. Gari nalo lina mlalo wa namna hiyo, mafundi wa alaimenti, yaani wanaopima mkao wa magurudumu, huuita kasta, na kwenye toleo lako kiwanda kiliuweka karibu digrii 3. Sasa, ekseli yako ya mbele ni mhimili mmoja unaounganisha magurudumu yote mawili, na imeshikwa na mikono miwili ya chuma inayotoka kwenye chasisi nyuma yake. Chasisi ikipandishwa inchi 2, mikono hiyo huinama, nayo huizungusha ekseli ili juu yake iende mbele, na sehemu kubwa ya mlalo huo hupotea. Usukani unaosahau kurudi ni dalili yake kamili.

Tiba yake ni bushi maalumu (vile vipande vya mpira vinavyokaa kwenye maungio) za mikono hiyo, ambazo tundu lake halikutobolewa katikati, nazo huirudisha ekseli kwenye mlalo wake. Zinahitaji gereji yenye presi, yaani mashine ya kushindilia, kwa maana bushi za zamani hazitoki kwa nyundo, na anayezitoa kwa nyundo huuharibu mkono wenyewe. Zikishafungwa, nenda kwenye alaimenti na uombe usomewe kasta kwa namba, magurudumu yote mawili. Wengi hupima tu kama matairi yanatazama mbele sawasawa, wakakupa karatasi nzuri huku ugonjwa ukiwa palepale.

Kuhusu kurukaruka, nilipitia kwa muuza vifaa vya ujenzi, maana saruji Tanga haikosekani, nikapakia mifuko minne, yaani kilo 200. Nyuma ikatulia mara moja. Springi zako zimetengenezwa kwa mtu anayebeba tangi la ziada, hema na vyombo vya safari kila siku, lakini wewe hubeba familia na kapu la samaki. Shokapu laini zaidi hazitakusaidia, tena zitaacha springi ngumu bila mwenye kuizuia. Mwombe aliyekuuzia akubadilishie springi za nyuma kwa zile za mzigo wa kati, hata kama utaongeza kidogo.

Jambo jingine niliona nilipolala chini ya gari. Mipira ya bushi za nyuma imejikunja kama nguo inayokamuliwa. Bila shaka fundi alikaza bolti zote magurudumu yakiwa yananing'inia hewani, kisha akashusha gari, na mipira ikajisokota hapohapo. Alegeze nati hizo gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake yote, alitikise, kisha akaze upya. Ni kazi ya saa moja, na asipoifanya bushi hizo hazitamaliza mwaka.

Hukuuliza kuhusu breki, ila nami siwezi kunyamaza. Juu ya ekseli ya nyuma kuna vali yenye fimbo inayosoma urefu kati ya ekseli na bodi. Bodi ikiwa juu, vali hudhani gari ni tupu, nayo hupunguza nguvu ya breki za nyuma. Umeliinua gari, kwa hiyo sasa inadhani hivyo siku zote. Kishikio cha fimbo hiyo kirekebishwe kwa kiasi ulichopandisha, kabla hujateremka tena zile kona za Amani ukiwa na abiria.

SWALI: Mimi ni mama wa Bagamoyo, nina Prado ya toleo la 90. Masika barabara ya kwangu hujaa maji. Fundi anataka kuweka vipande vya chuma juu ya springi za mbele ili gari lipande inchi 4. Ni salama?

JIBU: Dada yangu, hapana. Mbele ya gari lako kila gurudumu linajitegemea, na nguvu ya injini hulifikia kwa shafti zenye sivi jointi, yaani maungio yanayoiwezesha shafti kuzunguka hata ikiwa imepinda. Inchi 2 huzikunja shafti hizo kwa kiasi ambacho bado zinavumilia. Inchi 4 bila kushusha difu ya mbele huzilazimisha zizunguke zikiwa zimepinda mno, mipira yake ikapasuka na grisi ikamwagika. Vipande hivyo pia havifanyi springi iwe bora. Huliinua gari tu, na hupunguza nafasi ya gurudumu kushuka linapokuta shimo. Tena kwenye maji kinachozimisha injini ni tundu la kuvutia hewa, nalo haliongezewi kimo kikubwa kwa springi. Ongea na fundi kuhusu mkonga wa hewa, yaani bomba linalopandisha tundu hilo juu. Kwa sasa mwambie akague mipira ya sivi jointi ulizonazo, na ukisikia mlio wa kugongagonga unapokata kona yote hadi mwisho, hata kwa mwendo wa kutembea, basi jointi ya upande unakotoka mlio imekwisha.